Paa la Nyumba ya Mji Halingoji Masika

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa bahari, wako wananchi wa Mji Mkongwe wa Unguja ambao huulizana swali moja: mwaka huu itaanguka nyumba ya nani? Mkulima wa shamba huisubiri masika kwa matumaini. Mkaazi wa ghorofa ya chini katika nyumba kongwe huisubiri huku akiyatazama mabati yaliyo juu ya kichwa chake, na boriti zilizokwisha kubadilika rangi, na ufa uliokuwa mwembamba mwaka jana na sasa unapitisha kidole.

Leo tumeona yafaa tulizungumze jambo hili kwa kituo, kabla mvua haijatukatiza. Tunazungumza na wananchi wanaokaa katika nyumba hizo, na tunazungumza pia na viongozi na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya kuzitunza. Nia yetu si kumtafuta wa kulaumiwa. Nia yetu ni kueleza jinsi nyumba ya mji inavyokufa, kwa kuwa anayeujua ugonjwa hupata njia ya kuutibu, na kwa kuwa ugonjwa huu, tofauti na wanavyodhani wengi, hausababishwi na uzee.

JINSI ILIVYOJENGWA

Nyumba ya Mji Mkongwe ina vitu vitatu vikubwa: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mawe yalichimbwa hapa hapa kisiwani. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo katika tanuu la magogo, kisha ikaachwa ipoe na kuiva kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Boriti zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani vingi ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu. Fundi hakuwa na uwezo wa kwenda zaidi ya pale mti ulipomruhusu.

Kuta ni nene, aghalabu nusu mita na zaidi. Ndani yake kuna mawe madogo na makubwa yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, na juu yake pamepigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hii haukuwa mgumu kama jiwe moja. Hunywa unyevu wakati wa mvua, na hupumua unyevu huo jua likitoka. Ndiyo siri ya ubaridi wa nyumba hizi wakati wa kaskazi, hali nyumba za matofali ya saruji huko nje ya mji huwaka joto usiku kucha.

Boriti nazo zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: kubeba sakafu. Ya pili wengi huisahau: kuzishika kuta mbili zinazotazamana zisiachane. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta upande huu na upande ule, na kwa hiyo nyumba nzima imefungamana kama kapu lililosukwa. Ukiukata ukindu mmoja, kapu halifumuki siku hiyo; lakini limekwisha anza kufumuka.

JINSI INAVYOKUFA

Kifo cha nyumba huanzia juu. Bati moja hupata kutu, likatoboka tundu lisilozidi upana wa shilingi. Au mlizamu huzibwa na majani na uchafu, maji yakakosa pa kupita, yakatafuta njia yao juu ya ukuta. Mwaka wa kwanza haonekani mtu kusumbuka. Huwekwa ndoo chini ya vuja, mambo yakaendelea. Lakini maji yaliyoingia kichwani mwa ukuta hayatoki kwa urahisi. Hushuka ndani kwa ndani, yakichukua ule udongo na chokaa iliyoyashika mawe, na kuacha mianya isiyoonekana kwa nje. Lipu bado ni nyeupe, na ndani kumekuwa kapi tupu.

Kisha maji hufika penye ncha za boriti. Mkoko ni mti mgumu, na katika hali ya ukavu huishi miaka mingi kupita umri wa waliouweka. Lakini ncha iliyofungiwa ndani ya ukuta wenye maji huoza, na mchwa hufuata palipooza. Aliye chumbani huiona boriti nzima, imenyooka, haina kasoro. Sehemu iliyooza imejificha ukutani. Siku boriti inapochomoka, sakafu hushuka, na ukuta uliokuwa ukishikwa na sakafu hiyo hubaki peke yake. Mvua kubwa ya siku moja humaliza kazi iliyoanzwa na tundu la miaka kumi nyuma.

Katika maradhi haya ya zamani tumeongeza mengine mapya kwa mikono yetu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja leo inakaliwa na familia nne au sita, na kila moja ina haki ya kuwa na choo na bomba lake. Mabomba yamepitishwa palipopatikana nafasi. Likivuja moja ndani ya ukuta, ukuta unapata masika yake ya mwaka mzima. Matangi ya maji yamepandishwa juu ya madari ambayo fundi wake hakupata kufikiria uzito wa namna hiyo. Mashine za kupoza hewa zinadondosha maji mahali pamoja mchana na usiku. Na ndege wanaleta mbegu. Mche mdogo wa mti mwitu unaota penye ufa, watu wanauona kama pambo, hadi mizizi yake inapoupasua ukuta kama kabari.

DAWA ILIYO SUMU

Liko kosa moja linalofanywa kwa nia njema, nalo ni la saruji. Mwenye nyumba akiona lipu ya chokaa inabanduka, humwita fundi, na fundi huja na mfuko wa saruji, kwa kuwa saruji hupatikana dukani siku hiyo hiyo na hukauka kesho. Ukuta hupendeza. Lakini saruji haipumui. Unyevu uliomo ndani hunyimwa njia ya kutoka; hupanda juu, hukusanyika nyuma ya lipu mpya, hulainisha chokaa ya zamani na kuukaribia upesi zaidi ule mti wa boriti. Baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vizima, ikifuatana na jiwe lililoishikilia. Mwenye nyumba husema, "Nyumba hii imezeeka." Haikuzeeka; imezibwa pumzi.

Mafundi waashi wa zamani walilijua hilo bila ya kusomeshwa katika chuo. Walikuwa wakirudia kupaka chokaa mara kwa mara, na kazi hiyo haikuwa urembo tu. Ilikuwa ni kuifunika ngozi ya nyumba kabla haijapasuka.

FUNZO LA BEIT AL-AJAIB

Kama yuko anayedhani kuwa tunakuza mambo, na aliangalie jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash, na lilikuwa la mwanzo mjini kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga, majumba ya jirani yakabomoka na mnara uliokuwa mbele yake ukaangamia. Lenyewe likabaki limesimama. Lilivuka utawala wa Kisultani, likavuka ukoloni, likawa mali ya wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, na hatimaye likafanywa makumbusho.

Jumba lililoishinda mizinga halikuweza kushindana na maji na kuchelewa. Mwaka 2012 sehemu ya veranda zake iliporomoka, na baadaye likafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea ndani yake, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka. Watu wawili walipoteza maisha. Walikuwa wamekwenda kazini asubuhi kama mfanyakazi yeyote, kutafuta riziki za watoto wao.

Tunaposema juu ya majumba ya historia mara nyingi husahau jambo hilo. Huhesabu nguzo na milango ya nakshi iliyopotea. Hasara ya kwanza ni roho za watu. Na kama jumba kubwa kuliko yote, lililo mbele ya macho ya Serikali, wageni na mataifa, liliweza kufikwa na hayo, seuze nyumba ya uchochoroni ambayo haina jina, na ambayo haikupata hata siku moja kupigwa picha na mtalii?

NYUMBA YA NANI?

Swali la nani atengeneze lina historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji ziliingia katika mikono ya Serikali, na wananchi waliokuwa hawana makaazi wakapewa vyumba. Lilikuwa ni jambo la haki kwa watu waliokuwa wakiyatazama majumba hayo kwa mbali. Nyumba nyingine ni za wakfu, zilizowekwa na wenyewe kwa ajili ya jamaa zao, misikiti au maskini. Zilizobaki ni za watu binafsi, baadhi yao wakiwa ni warithi wengi wa nyumba moja, waliotawanyika Dar es Salaam, Maskati na London, ambao kukutana kwao tu ni shughuli.

Matokeo yake yanajulikana. Mpangaji husema paa ni kazi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba, awe ni Serikali, wakfu au mtu, husema kodi anayoipata haifiki hata bei ya mabati. Kila mmoja ana ukweli wake, na wakati ukweli huo unajadiliwa tundu linapanuka. Katika nyumba yenye familia sita, anayevujiwa ni wa juu peke yake. Wa chini hutambua kuwa paa lilikuwa lake pia siku sakafu inapomwangukia.

Hatuwezi kusema kwamba hapakufanyika jambo. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1992 zilikaguliwa nyumba 1,709, na ilionekana kuwa karibu robo tatu zilikuwa katika hali ya kuharibika. Ukapatikana mpango wa hifadhi, zikapatikana sheria, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jengo la Zahanati Kongwe karibu na bandari, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1887, lilitengenezwa katika miaka ya 1990 likarudia uzuri wake, na bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009. Kazi hizo zimethibitisha kwamba ujuzi upo na kwamba nyumba kongwe inaponyeka.

Lakini yafaa tuseme kweli: kazi nyingi zilizotajwa ni za majengo makubwa. Nyumba ya kawaida, yenye vyumba vya kupanga na kamba za kuanikia nguo, ndiyo iliyo nyingi, na ndiyo iliyopata kidogo.

WANAOSEMA IVUNJWE

Wako wanaosema kwa nini tuhangaike. Zivunjwe zijengwe mpya. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, hasa inapotoka kwa mtu anayelala chini ya dari linalodondoka. Mji wetu unakua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 893,169. Watu laki tatu, pungufu kidogo tu, wameongezeka katika miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuna ruhusa ya kupoteza hata chumba kimoja kilichopo. Nyumba ikianguka, familia sita zinakwenda kutafuta hifadhi kwa jamaa au mbali nje ya mji, na mama aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Darajani kuuza mboga zake atalazimika kulipa nauli ya daladala kila siku. Aidha kiwanja cha nyumba iliyoanguka hubaki gofu kwa miaka, kikiwa jaa la taka, na nyumba za jirani zilizokuwa zikiegemeana nacho huanza kuyumba. Maana nyumba za mji huu zinasaidiana. Inayoanguka huacha mjane.

Liko na jingine. Nyumba zilizogeuzwa hoteli nyingi zimetengenezwa vizuri, na mapaa yake hayavuji. Tunaushukuru utalii kwa hilo na kwa ajira unazozileta. Lakini kama nyumba haiwezi kupona isipokuwa kwa kumtoa mkaazi wake, basi tutahifadhi kuta na kuupoteza mji. Mgeni huja kutazama watu wanaokunywa kahawa barazani na watoto wanaokwenda chuoni na misahafu kifuani. Akikuta wageni wenziwe watupu, atakuwa amesafiri bure.

YANAYOWEZEKANA KABLA YA MVUA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mji huu maneno hayo si fumbo. Ni maelekezo ya kazi. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache, yote yakiwa ya mambo yanayofanyika kwa ngazi, ufagio na bati.

Kwanza, kila mwaka mwezi wa Februari uwe ni mwezi wa mapaa. Masheha wa shehia za Mji Mkongwe, pamoja na mafundi wa Mamlaka, wapite nyumba kwa nyumba. Milizamu isafishwe, miche iliyoota ukutani ing'olewe ingali michanga, na mabati yaliyotoboka yabadilishwe. Bei ya bati moja na misumari haiwezi kulinganishwa na bei ya ukuta.

Pili, kila nyumba iwe na daftari lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe ni nani mwenye nyumba, wangapi wanakaa, paa lilitengenezwa lini, ufa uko wapi na umeongezeka kiasi gani tangu mwaka uliopita. Ukaguzi wa mwaka 1992 ulikuwa msingi mzuri. Msingi hujengewa juu yake.

Tatu, ruhusa za matengenezo madogo zitolewe upesi. Sheria zinazowazuia watu kuharibu sura ya mji ni za lazima, nasi tunaziunga mkono. Lakini mtu anayetaka kuziba vuja asingojeshwe kama anayetaka kuongeza ghorofa. Anayengojeshwa sana huamua kufanya usiku, na akifanya usiku hufanya kwa saruji.

Nne, chokaa ipatikane. Haina maana kumwambia mwananchi asitumie saruji ikiwa chokaa iliyoiva haiuzwi popote karibu naye. Mafundi wazee waliobaki wapewe vijana wa kuwafundisha, na vijana hao walipwe wakati wanajifunza, kwa kuwa fani haikai katika kitabu. Kwa upande wa boriti, tunatambua kuwa mikoko nayo inahitaji kulindwa. Samaki wetu huzaliwa chini yake na fukwe zetu zinashikwa na mizizi yake. Hapo wataalamu wa misitu na wa majenzi wakae pamoja, waseme ni mbao gani zifaazo kushika mahali pa boriti bila ya kuzidi uzito wala kuoza.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, watu walio katika nyumba za hatari wapewe mahali pa kukaa pa kueleweka. Mara nyingi husemwa kwamba wakaazi wameonywa wahame nao wamekataa. Ni kweli wapo waliokataa. Lakini mtu akitoka chumbani mwake bila ya hati inayosema atarudi, anajua kuwa huenda asikione tena. Baina ya hatari ya leo usiku na hatari ya kukosa makaazi milele, wengi huchagua ile ambayo pengine itapita. Wakipewa hati ya kurudi na chumba cha muda, wataondoka bila ya kusukumwa na askari.

Fedha zitatoka wapi? Mji huu unawaingizia watu wengi fedha, kuanzia hoteli hadi waongozaji wa watalii, na wote wanauza kitu kimoja: nyumba hizi hizi. Si dhuluma kutaka sehemu ndogo ya pato hilo irudi juu ya mapaa ya wanaokaa ndani yake, ikiwa itawekwa katika mfuko unaojulikana na hesabu zake zikabandikwa kwa sheha, kila mtu azisome.

Nasi wakaazi tusingoje yote hayo yatimie ndipo tunyanyue mkono. Familia sita zikichanga kila mwezi kiasi kidogo, bati moja halitawashinda. Anayekaa chini amchangie wa juu bila ya kusubiri kuombwa. Na kila mwenye ngazi, siku ya jua, apande atazame mlizamu wake. Akiukuta umeziba, auzibue siku ile ile. Mvua haitangoja mkutano wetu ufungwe.